Gharama ya kumtunza mzee Kipkelion, na mahali pa kutafuta msaada

Katika vijiji vinavyouzunguka mji mdogo wa Kipkelion, Kaunti ya Kericho, ni nadra kumsikia mtu akiuliza mzee ataishi wapi siku atakaposhindwa kuteka maji na kujipikia. Jibu huchukuliwa kuwa linajulikana: ataishi kwake, na watoto watamtunza. Yasiyoulizwa ni mtoto yupi atakayemtunza, kwa fedha zipi, na kwa muda gani. Maswali hayo huja ghafla, aghalabu baada ya kiharusi au kuvunjika nyonga, na hujibiwa kwa pupa na yeyote aliye karibu. Mara nyingi aliye karibu ni binti ambaye hajaolewa, au mke wa mwana.

Makala haya yanakusanya mambo ambayo kila familia yenye mzee inapaswa kuyajua kabla ya siku hiyo kufika: gharama halisi za kumtunza, fedha za serikali anazostahili kupata, bima ya afya, akiba ya uzeeni, nyumba za wazee na ulinzi wa ardhi yake. Hoja kuu ni moja. Utunzaji wa nyumbani huonekana kuwa wa bure kwa sababu anayeulipia hapewi risiti. Familia ikikubali kuuhesabu, itaona mzigo ulivyo mkubwa, na itaweza kuugawa.

Mji na wazee wake

Katika enzi ya ukoloni Kipkelion iliitwa Lumbwa, nacho kilikuwa kituo cha Reli ya Uganda, iliyofika Kisumu Desemba 1901. Leo jina la Kipkelion limegawanywa kati ya maeneobunge mawili, la Mashariki na la Magharibi. Wakazi hulima mahindi na kahawa na kufuga ng'ombe wa maziwa. Baadhi yao walitumia ujana wao wakichuma majani chai katika mashamba makubwa ya Kericho na Bomet, kisha wakarejea kwao na maumivu ya mgongo na akiba ndogo.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 901,777 katika Kaunti ya Kericho. Nchini kote, waliokuwa na umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa takriban milioni 2.7. Katiba ya mwaka 2010 inamtambua aliyezidi miaka 60 kuwa mwanajamii mkongwe, na Kifungu cha 57 kinampa haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kiasi kinachofaa kutoka kwa familia yake na kutoka kwa Serikali. Pande zote mbili zimetajwa. Familia isiyoidai Serikali sehemu yake hubeba mzigo wa wawili.

Wakipsigis, ambao ndio wengi katika eneo hili, humwita bibi kogo na babu kugo, na mila zao zilikuwa na mpango wa uzeeni. Baraza la kijiji, yaani kokwet, lilisikiliza malalamiko ya mzee aliyetupwa na watoto wake. Mwanamke mzee asiye na mtoto wa kiume aliweza hata kumposa msichana kwa mahari, ili watoto watakaozaliwa wawe warithi wa nyumba yake na nguzo ya uzee wake. Mipango hiyo ilitegemea jambo moja: vijana kuwapo nyumbani. Sasa watoto wako Nairobi, Nakuru na Eldoret, na wajukuu wako shuleni mchana kutwa. Mila haijafa, ila mikono ya kuitekeleza imepungua.

Hesabu ya kweli

Tuanze na kazi yenyewe. Mzee aliyepooza upande mmoja huhitaji mtu wa kumwinua, kumwogesha, kumlisha, kumpa dawa kwa saa zake na kumgeuza kitandani kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya kulala. Mzee aliyepoteza kumbukumbu huhitaji jicho juu yake usiku na mchana, asije akatoka nje gizani au akasahau moto jikoni.

Amri ya mishahara iliyotolewa mwaka 2024 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani, katika maeneo yaliyo nje ya miji mikubwa na manispaa za zamani, kuwa takriban Sh8,600 kwa mwezi. Asiyepewa mahali pa kulala huongezwa asilimia 15 kwa ajili ya nyumba, yaani karibu Sh1,300. Juu ya hayo, mwajiri huchangia Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii (NSSF) na ushuru wa nyumba za bei nafuu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka kwa malipo.

Sasa tazama saa. Wiki ya kazi chini ya amri hizo za mishahara ni saa 52. Wiki ya mgonjwa ina saa 168. Mzee anayehitaji mtu usiku na mchana angehitaji wafanyakazi watatu, na bado zingebaki saa 12 zisizo na mtu. Mishahara ya watatu hao, kwa kima cha chini tu, ni karibu Sh25,800 kwa mwezi. Hiyo ndiyo thamani ya kazi ambayo binti au mke wa mwana hufanya bila malipo, bila siku ya mapumziko na bila likizo. Anapoacha biashara yake ya mboga sokoni ili kukaa na mgonjwa, pato hilo nalo hupotea, na hakuna anayeliandika.

Kuna matumizi mengine yasiyoepukika. Tuseme duka linauza nepi moja ya mtu mzima kwa Sh70. Mgonjwa anayetumia tatu kwa siku atahitaji 90 kwa mwezi, na gharama itakuwa Sh6,300. Msomaji anaweza kuweka bei ya duka lake mahali pa hiyo yetu na kupata jibu lake mwenyewe. Ongeza sabuni, glavu, dawa za shinikizo la damu au kisukari, chakula laini, na nauli. Mzee asiyeweza kupanda matatu hukodishiwa gari zima kila anapokwenda kliniki Kericho, na safari moja huweza kumeza fedha za mwezi.

Yako pia matumizi ya mara moja tu, nayo huokoa fedha nyingi baadaye: vishikio ukutani karibu na kitanda na chooni, kiti cha choo cha kukalia badala ya shimo la kuchuchumaa, taa ya usiku, sakafu isiyoteleza na njia isiyo na mawe kutoka mlangoni. Fundi wa kijijini huweza kuyafanya kwa siku chache. Ikilinganishwa na upasuaji wa nyonga iliyovunjika, kazi hiyo ni rahisi mno.

Fedha za Inua Jamii

Mpango wa serikali wa kuwapa wazee maskini fedha taslimu ulianza kwa majaribio katikati ya miaka ya 2000. Mwaka 2018 ulipanuliwa ili kumfikia kila Mkenya aliyetimiza miaka 70, awe maskini au la, mradi hapokei pensheni ya serikali. Kiwango ni Sh2,000 kwa mwezi, na mara nyingi fedha hutolewa za miezi miwili au zaidi kwa pamoja.

Ni vyema kusema wazi fedha hizo zinafika wapi. Sh2,000 hazifiki robo ya mshahara wa chini wa mfanyakazi mmoja wa nyumbani katika eneo kama Kipkelion. Kiwango hicho kimedumu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilhali bei ya unga, sukari na nauli imepanda tena na tena. Zanzibar ilianza pensheni yake kwa wote waliotimiza miaka 70 Aprili 2016 kwa Sh20,000 za Tanzania, na baadaye ikaipandisha hadi Sh50,000. Hata hivyo, kwa mzee wa kijijini, fedha za Inua Jamii ni pato la jina lake mwenyewe. Humwezesha kununua dawa bila kuomba, na heshima hiyo ina uzito wake katika nyumba.

Usajili hupitia kwa naibu wa chifu, chifu na afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Kinachohitajika kwanza ni kitambulisho cha taifa chenye umri sahihi. Wazee wengi waliandikishwa ukubwani na karani aliyekisia mwaka wa kuzaliwa, na mtu wa miaka 74 huweza kuonekana kwenye kitambulisho kuwa na 66. Kurekebisha jambo hilo huchukua muda, kwa hiyo lianze kushughulikiwa kabla ya miaka 70 kutimia.

Usajili hauko wazi wakati wote. Wengi waliotimiza miaka 70 baada ya usajili wa mwaka 2017 walisubiri kwa miaka kadhaa kabla ya majina mapya kupokewa. Familia ihakikishe kwamba jina la mzee limo katika orodha ya naibu wa chifu, na iulize tena kila baada ya miezi michache. Mzee asiyeweza kutembea anaruhusiwa kuwa na mtu aliyeteuliwa rasmi kumpokelea fedha. Achaguliwe kwa makini, na familia nzima ijue ni nani. Malipo yalipitia benki kwa muda mrefu, na katika miaka ya karibuni serikali imeanza kuyahamishia kwenye simu za mkononi. Kwa sababu hiyo, laini ya simu ya mzee isajiliwe kwa jina lake, na namba yake ya siri isiwe ya kijiji kizima. Malalamiko hupelekwa kwa afisa wa maendeleo ya jamii.

Mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kutunzwa muda wote huweza kuingizwa katika mpango mwingine wa Inua Jamii hata kabla ya kufikisha miaka 70. Aliyepooza kutokana na kiharusi akiwa na miaka 62 asikae akingoja umri. Familia iulize kuhusu tathmini ya ulemavu hospitalini na usajili katika Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo pia hutoa vifaa kama viti vya magurudumu.

Akiba ya NSSF, pensheni na wachumaji majani chai

Mfanyakazi wa shamba la majani chai huishi katika nyumba ya kampuni. Siku anapostaafu hupoteza mshahara na paa kwa pamoja. Asiyejenga kwao mapema huanza uzee wake kama mgeni katika boma la ndugu. Michango yake ya NSSF huwa mikononi mwake akitimiza miaka 60, na anaweza kuidai kuanzia miaka 50 akiwa ameacha ajira. Waliostaafu zamani walichangia viwango vidogo sana. Michango ilianza kupanda baada ya uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa Februari 2023 ulioiruhusu Sheria ya NSSF ya mwaka 2013 kutekelezwa.

Wachumaji wengi hukwama kwenye kumbukumbu. Kampuni iliyojulikana kwa miaka mingi kama Brooke Bond ilikuja kuwa Unilever Tea Kenya, kisha Ekaterra, kisha Lipton, na mwaka 2024 ikachukuliwa na Browns ya Sri Lanka. Mashamba ya James Finlay nayo yaliingia mikononi mwa Browns mwaka 2023. Mzee aliyeajiriwa mwaka 1985 ana karatasi zenye jina ambalo halimo tena langoni. Kadi ya NSSF, barua ya kuajiriwa, hati za mishahara na barua ya kuacha kazi zihifadhiwe katika bahasha moja, mahali pakavu. Ofisi ya NSSF iliyoko Kericho huweza kutoa taarifa ya michango yote, na ni busara kuiomba miaka kadhaa kabla ya kustaafu ili mapengo yajazwe wakati kumbukumbu za mwajiri bado zipo.

Watumishi wa serikali na walimu hupata pensheni ya kila mwezi, na mjane au watoto hustahili kuendelea kulipwa kwa muda fulani mstaafu anapofariki. Tangu Desemba 27, 2024, pensheni ya aliyestaafu kwa kutimiza umri haitozwi kodi ya mapato. Ucheleweshaji ni jambo la kawaida. Walimu waliostaafu kati ya 1997 na 2007 walishinda kesi yao katika Mahakama Kuu ya Nakuru mwaka 2008, na wengi wao walifariki kabla ya kuona malipo. Haki iliyo kwenye karatasi haimlishi mgonjwa wa leo, na bajeti ya familia ijengwe juu ya fedha zilizokwisha kufika.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo asiye na mwajiri, NSSF ilianzisha mwaka 2019 mpango wa Haba Haba, ambao humruhusu mtu kuweka kuanzia Sh25 kwa siku. Mkulima wa chai hungoja bonasi ya kiwanda chake, wa kahawa hungoja malipo ya chama cha ushirika. Akiweka sehemu ya fedha hizo kila msimu tangu akiwa na miaka 40, atakuwa na kitu cha kushika akifika 65.

Matibabu na bima

Hazina ya zamani ya bima ya hospitali, NHIF, iliondolewa, na tangu Oktoba 1, 2024 kazi yake inafanywa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira rasmi hutathminiwa pato la nyumba yake, na kima cha chini ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka. Usajili hufanywa kwa simu kwa kubonyeza *147#, au kwa msaada katika zahanati, hospitali au Huduma Centre ya Kericho.

Kuna jambo ambalo familia nyingi hugundua zikiwa tayari mlangoni mwa wodi. Bima ya mwana inamhusu yeye, mwenzi wake na watoto wake. Baba na mama hujisajili na kutathminiwa wenyewe. Mtoto aliye Nairobi anaweza kuwalipia mchango wao wa mwaka, na kwa familia nyingi hiyo ndiyo zawadi bora ya Krismasi. Aliyesajiliwa hupata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya bila kulipa, lakini kulazwa katika hospitali kubwa kunadai mchango uwe umelipwa.

Hospitali za kaunti ndogo za Kipkelion, Londiani na Fort Ternan ndizo za karibu. Yanayozidi uwezo wao hupelekwa katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kericho. Hospitali za misheni za Litein, Kericho, na Tenwek, Bomet, iliyoanzishwa mwaka 1937, huwahudumia wengi wa ukanda huu, na Tenwek ina kitengo cha macho. Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji mfupi, na mzee aliyerudishiwa macho huweza kurudi kujihudumia. Kabla ya kumwajiri mtu wa kumwongoza mzee kwa mkono, familia ihakikishe kwanza kwamba macho yake yamepimwa.

Msaada ulio karibu kuliko wote hautumiwi vya kutosha. Kila kijiji kina mhudumu wa afya ya jamii, na mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu hao mikoba yenye vifaa, vikiwamo vya kupima shinikizo la damu na sukari. Mhudumu huyo huja nyumbani, hupima, na hujua ni lini mgonjwa apelekwe zahanati. Familia imjue kwa jina na ihifadhi namba yake ya simu.

Bima hii imejengwa juu ya matibabu. Mshahara wa mtunzaji wa nyumbani na gari la kukodi la kwenda kliniki havimo. Hizo ndizo gharama zinazorudi kila mwezi, na hapo ndipo familia nyingi huanza kuuza mali.

Nyumba za wazee

Anayetafuta nyumba ya kumpeleka mzee atalazimika kutazama mbali. Nyumba zinazojulikana zaidi nchini ziko Nairobi na viunga vyake. Nyumba ya Wazee ya Kasarani huendeshwa na watawa wa shirika la Little Sisters of the Poor, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1839, na huwapokea maskini kwa kutegemea sadaka. Kariobangi kuna nyumba ya wazee ya Cheshire, na Thogoto, Kaunti ya Kiambu, kuna ile ya Kanisa la PCEA. Nafasi ni chache, na kwa kawaida hupewa kwanza wasio na mtu. Nyumba za kibinafsi hutoza makumi ya maelfu ya shilingi kwa mwezi.

Kumpeleka mzee katika nyumba hizo si aibu ikiwa nyumbani hakuna wa kumwinua. Lakini iko gharama nyingine. Kogo wa Kipkelion anayezungumza Kikipsigis tu, akiwekwa Nairobi kati ya watu wasioielewa lugha yake, huweza kunyamaza mwaka mzima. Kabla ya kutia saini, familia iulize: Je, nyumba imesajiliwa? Usiku hubaki wahudumu wangapi, kwa wazee wangapi? Nani hulipa akilazwa hospitalini? Ada haihusishi nini? Je, ndugu wanaruhusiwa kuja bila taarifa? Nyumba inayokataa wageni wa ghafla ina jambo la kuficha.

Ardhi na usalama wa mzee

Ugonjwa unapoendelea, macho ya familia hugeukia shamba. Ni lazima ijulikane kwamba ardhi ya kilimo haiuzwi kihalali bila idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Mtu aliyepoteza kumbukumbu hawezi kutoa ridhaa ya kweli, na alama ya kidole iliyochukuliwa kitandani huweza kupingwa mahakamani. Kama mzee bado ana akili timamu, aandike wosia, na amteue wakili au mtoto anayemwamini kwa hati ya uwakilishi mbele ya mwanasheria. Kukodisha ekari moja kwa msimu mara nyingi huleta fedha za kutosha dawa, na shamba hubaki.

Mzee anayepigwa, kunyimwa chakula au kuporwa fedha zake ana pa kukimbilia: kokwet, chifu, dawati la jinsia katika kituo cha polisi, na afisa wa maendeleo ya jamii. Majirani nao wasinyamaze kwa kisingizio kwamba ni mambo ya boma la watu.

Kikao cha familia

Waswahili husema mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Hatua iliyo muhimu kuliko zote haihitaji ofisi yoyote. Familia iketi, wa mbali wakijiunga kwa simu, na iandike kwenye karatasi moja mambo manne.

Kwanza, kazi zote za wiki na jina la anayezifanya. Karatasi ikionyesha jina moja kila mstari, tatizo limekwisha jionyesha lenyewe. Pili, matumizi yote ya mwezi, pamoja na pato alilolipoteza mtunzaji. Tatu, kila shilingi inayoingia: Inua Jamii, NSSF au pensheni, maziwa, kahawa, majani chai, na mchango wa kila mtoto kwa kiasi na tarehe. Nne, siku za mapumziko za mtunzaji, na jina la atakayekuja kushika nafasi yake.

Hili la nne ndilo husahaulika. Ndugu walio mjini hutuma fedha na kuona wamemaliza. Lakini mtunzaji asiyelala huugua naye, na nyumba yenye mgonjwa mmoja huwa na wawili. Kumlipa kiasi fulani kila mwezi, kumlipia mchango wake wa SHA na kumwekea akiba ya NSSF ni kumtendea kama mfanyakazi angalau, na yeye ni zaidi ya mfanyakazi. Miaka 20 ijayo atakuwa mzee, na akiba aliyonyimwa leo ndiyo atakayoikosa siku hiyo.

Mzee mwenyewe naye awepo. Mara nyingi hujadiliwa akiwa chumba cha pili, kana kwamba hasikii. Aulizwe anataka kulala wapi, aogeshwe na nani, na kipi asichotaka kiuzwe. Kikao kifanyike mapema, akiwa bado anaweza kuketi na kusema.